Mzigo wa Mwanafunzi Mlezi si Kanda la Usufi

Kila mwaka, majira ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya Jamhuri yetu hufungua milango, na vijana wa kila pembe ya nchi hufunga mizigo yao kwenda kutafuta elimu ya juu. Kutoka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kijana hufika kwanza Tabora mjini, na hapo hushika njia ya Mwanza, ya Dodoma, au ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 840 kwa reli. Sisi tunaobaki humpungia mkono na kumtakia heri, kisha tukarudi katika shughuli zetu. Ni wachache miongoni mwetu wanaouliza swali moja: Je, huyu anayeondoka amemwacha nani nyuma yake, na huyo aliyeachwa anatunzwa na nani?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijadili leo mbele ya wanachama na wafanyakazi. Twawazungumzia wanafunzi wa vyuo ambao, pamoja na vitabu, wana watu wanaowategemea. Yuko mama mwenye mtoto mchanga. Yuko baba wa watoto wawili aliyeacha kazi ya ualimu wa shule ya msingi ili aongeze elimu. Yuko kifungua mimba anayewalea wadogo zake yatima. Yuko binti anayemuuguza mama aliyepooza. Hao si wavivu, wala si wajinga. Ni watu waliobeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja, na ule mzigo wa pili, ambao haumo katika daftari za chuo, ndio mara nyingi unaowaangusha.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kuwa asiyeubeba huuona mwepesi. Hivyo ndivyo sisi tulivyouona mzigo wa wanafunzi hawa kwa miaka mingi, na sasa umefika wakati wa kuupima.

MAFUNZO YA NJIA YA MISAFARA

Mtu wa Tabora hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika karne ya 19, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mali iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na waliosifika kuliko wote katika kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alichukua ratili 60 au 70, na safari ya kutoka pwani mpaka Tabora iliweza kuchukua miezi mitatu.

Watu wengi hudhani misafara ile ilikuwa ya wanaume watupu. Sivyo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walifuatana na wake zao, na hata watoto. Wanawake walichukua vyungu na chakula, wakapika kambini, na wengine wao walibeba mizigo ya ujira kama waume. Wale waliobaki nyumbani ndio waliolinda watoto, wazee na mashamba. Na safari zenyewe zilifuata majira: wengi waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla mvua za kupanda hazijaanza.

Hatusemi kuwa kazi ile ilikuwa njema. Ilikuwa kazi ya taabu, na njia ile ile ilipitisha watumwa. Tunalosema ni kwamba wale waliopanga safari walijua jambo moja ambalo wapangaji wa leo hulisahau. Walijua kuwa mpagazi si mabega peke yake. Ana mke, ana mtoto, ana shamba, na msafara usioyahesabu mambo hayo haufiki salama. Kirangozi aliyetangulia mbele hakuweza kwenda mwendo wa mtu asiye na mzigo, kisha akashangaa kuona watu wake wamebaki porini.

Chuo kikuu cha leo nacho ni msafara. Kina saa zake, kina mwendo wake, kina vituo vyake vya njiani vinavyoitwa mitihani. Lakini mwendo huo umepimwa kwa miguu ya kijana wa miaka 20 asiyetegemewa na mtu ye yote. Awezaye kwenda mwendo huo hufika. Asiyeweza huambiwa ameshindwa masomo, ijapokuwa kilichomshinda si masomo.

DENI LA PANDE MBILI

Katika miaka ya kwanza ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano ambao wanachama wengi wanaukumbuka. Aliwafananisha wale wanaopewa elimu ya juu na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenziwe riziki. Mtu huyo akila chakula cha watu asirudi, yeye ni msaliti.

Mfano huo umetumiwa sana kumkumbusha msomi deni lake, na ni haki kufanya hivyo. Walakini kila mapatano yana pande mbili. Mtu yule alipoondoka kijijini, huenda aliacha mtoto, au mzazi mzee, au mgonjwa kitandani. Ni nani aliyempa maji yule mgonjwa? Ni nani aliyembembeleza yule mtoto usiku? Hapana shaka ni wale wale waliomtuma. Kama kijiji kingemwambia, "Chukua chakula hiki uende, na mtoto wako mbebe mgongoni, na mama yako shauri lako, tena ukichelewa usirudi," kijiji hicho kisingekuwa kimemtuma mtu. Kingekuwa kimemfukuza.

Kwa hiyo deni la msomi kwa wananchi ni kweli, na deni la wananchi kwa yule waliyemtuma ni kweli vile vile. Mwalimu mwenyewe alisoma Tabora School kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, akafundisha katika shule ya St. Mary's papo hapo Tabora kuanzia 1946, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kusoma shahada. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1942, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa hai. Hata mtu aliyekuwa na akili nyingi kama yeye hakutoka katika jiwe. Alikuwa na mama na ndugu. Kila anayekwenda kusoma mbali huenda kwa sababu yuko mwingine aliyebaki.

CHAMA KILIPOLIGUSA JAMBO HILI

Suala hili si geni katika historia ya Chama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa kundi dogo la wanafunzi wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani. Chuo kilichozaliwa ndani ya nyumba ya Chama ni halali kwa mwanachama kukiuliza habari za watoto wake.

Mwaka 1974, mwezi wa Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka wanaomaliza Kidato cha Sita waende kwanza kufanya kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, na waingie kwa kusifiwa na waajiri wao na matawi ya Chama. Nia ilikuwa njema: chuo kipate watu wazima waliokwisha kuonja jasho. Lakini mtu mzima aliyeonja jasho mara nyingi ana mke au mume, na ana watoto. Haukupita muda mrefu ikaonekana kuwa wanawake wanapungua chuoni, kwa sababu ile miaka ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Baada ya miaka michache wanawake wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka shule.

Yafaa tulitazame jambo hilo kwa makini. Chama kiliona kwa macho yake kuwa malezi yanamzuia mwanamke kufika chuoni. Dawa kilichochagua ilikuwa kumwahisha mwanamke chuoni kabla mzigo wa malezi haujamfikia. Hakikuugusa mzigo wenyewe. Dawa ile iliwasaidia wengi, wala hatuibezi. Lakini yule ambaye mzigo ulikwisha kumfikia alibaki pale pale alipokuwa, na yuko pale mpaka leo.

Tena jambo hili lina ushahidi mwingine katika historia yetu. Umoja wa Wanawake, ulioundwa mwaka 1962 ukiongozwa na Bibi Titi Mohamed, ulihimiza vituo vya kulelea watoto mchana, ili mama apate nafasi ya kwenda shambani, kiwandani na darasa la watu wazima. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria maalumu ya vituo hivyo, na baadaye mambo yake yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Basi wazo la kumlelea mama mtoto ili mama afanye kazi ya taifa si wazo la kigeni. Tulikuwa nalo kwa ajili ya mkulima na mfanyakazi wa kiwanda. Tuliloliacha ni kulifikisha chuoni.

HALI YA TABORA

Kwa nini Isikizya? Kwa sababu mkoa huu unaujua mzigo huu kuliko mikoa mingi. Utafiti wa Taifa wa Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa, kati ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini, asilimia 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Katika Mkoa wa Tabora hesabu hiyo ilifika asilimia 43, na ni Katavi tu, jirani yetu, iliyotupita kwa asilimia 45. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hesabu ya nchi nzima imeshuka hadi asilimia 22. Hayo ni maendeleo. Lakini wale wasichana waliohesabiwa mwaka 2015 sasa ni wanawake wa makamo ya ishirini na kitu au thelathini, na watoto wao wako shuleni. Je, tuseme hao elimu yao imekwisha?

Serikali ilikwisha kutoa jibu. Tarehe 24 Novemba 2021 ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za Serikali. Hapo mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa. Basi na tupige hesabu. Msichana aliyerudi Kidato cha Tatu mwezi wa Januari 2022 aliweza kumaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa 2023, na kufikia mtihani wa Kidato cha Sita mwaka 2026. Hatua inayofuata ni chuo kikuu, na atakapofika hapo mtoto wake atakuwa amekwisha kutimiza miaka minne au mitano. Tumemfungulia mlango wa sekondari kwa sauti kubwa. Ni aibu kubwa ikiwa tutamwacha agonge mlango wa chuo asiitikiwe.

SHERIA ZASEMAJE?

Mfanyakazi mwanamke katika nchi yetu ana ulinzi wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Akirudi kazini naye bado ananyonyesha, mwajiri ni lazima ampe nafasi ya kumnyonyesha mtoto, mpaka saa mbili kwa siku. Haki hizi zilipiganiwa na wafanyakazi, na wasomaji wetu wengi wanazijua.

Mwanafunzi wa chuo hana mwajiri, na kwa hiyo sheria hiyo haimgusi. Yeye hutegemea kanuni za chuo chake. Kwa kawaida kanuni hizo humruhusu kuahirisha masomo kwa sababu nzito, na mkopo wake husimama kwa muda wote alioahirisha. Kwa maneno mengine, njia aliyofunguliwa ni ya kutoka. Ya kubaki ndani na kusoma huku analea haikuwekewa utaratibu ulio wazi, bali huachwa kwa huruma ya mhadhiri. Mhadhiri mwenye huruma humwongezea siku za kuleta kazi yake. Asiye na huruma humwandikia sifuri. Haki inayotegemea moyo wa mtu mmoja si haki, ni bahati.

Tuje kwenye mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasomesha watoto wengi wa maskini, na hapana mtu mwenye haki atakayeikana sifa hiyo. Bodi huwatazama kwanza yatima, wenye ulemavu, na watoto wa kaya maskini. Hutoa fedha kwa mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya vitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Tazama mafungu hayo moja moja. Hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili ya mtoto wa mwanafunzi au mgonjwa anayemtunza. Mizani yote imewekwa kupima nani anamtunza mwanafunzi. Haikuwekwa kupima mwanafunzi anamtunza nani. Basi shilingi 10,000 za mtu mmoja hugawanywa kimya kimya kwa watu wawili, watatu, wanne: nusu inalala chuoni, nusu inarudi Isikizya kwa simu ya mkononi. Na miongozo ya mikopo ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa mwombaji. Mwanamke aliyechelewa kwa sababu alikuwa akilea, au mwanamume aliyechelewa kwa sababu alikuwa akiwasomesha wadogo zake, akifika na miaka 36 huambiwa amepitwa na wakati.

CHUO KIKUU HURIA NA MIPAKA YAKE

Watu wengine watasema: Je, hatuna Chuo Kikuu Huria? Tunacho, na tunajivunia. Kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi Machi 1993, na Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Kina vituo mikoani, na Tabora pia kipo. Mfanyakazi, mama na mkulima waweza kusoma bila ya kuhama nyumbani, wakafanya mitihani karibu na kwao. Kwa wengi hiyo ndiyo njia pekee iliyokuwapo, na imewatoa gizani.

Walakini tusikifanye Chuo Kikuu Huria kuwa kisingizio cha vyuo vingine. Kwanza, si kila fani yaweza kusomwa nyumbani: udaktari, uuguzi na uhandisi hutaka maabara, hospitali na karakana. Pili, anayesoma nyumbani hakupunguziwa mzigo wa nyumbani. Hufungua kitabu baada ya kuteka maji, kupika, kuosha watoto na kumgeuza mgonjwa, wakati macho yamekwisha kuwa mazito. Tatu, si haki kuigawa nchi katika mafungu mawili, chuo cha wasio na watoto na chuo cha wenye watoto.

HESABU YA HASARA

Kwa kuwa tunawaandikia wafanyakazi, ambao kodi zao ndizo zinazokopeshwa, yafaa tuzungumze habari ya fedha. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayepewa shilingi 10,000 kwa siku, na tuhesabu siku 200 tu kwa mwaka. Hizo ni shilingi 2,000,000. Akifika mwaka wa tatu, taifa limekwisha kumpa shilingi 6,000,000 za chakula na malazi peke yake, mbali na ada na vitabu. Mama yake anapougua vibaya katika miezi ya mwisho, akarudi nyumbani kumuuguza, akakosa mitihani na asirudi tena, kitu gani kimebaki? Shahada haipo. Mwalimu au mganga aliyetarajiwa hayupo. Deni lipo, na sheria yataka mwenye deni akatwe asilimia 15 ya mshahara, lakini mshahara wenyewe hana. Taifa limepoteza, kijiji kimepoteza, na yeye amepoteza mara mbili.

Chumba kimoja cha kunyonyeshea, mlezi wa watoto aliyefundishwa, na kanuni ya kurudia mtihani bila ya adhabu vingeokoa hasara hiyo kwa gharama ndogo. Mchumi hana haja ya kuwa na huruma ili akubali jambo hili. Anahitaji kujua kujumlisha na kutoa tu.

WANAOPINGA

Wako watakaosema chuo si mahali pa kulea watoto. Twawajibu: ni kweli, na ndiyo sababu twataka mtoto apate mahali pake, asiingizwe bwenini kwa siri wala asifungiwe chumbani mtaani hali mama yake yuko darasani.

Wako watakaosema tukiwasaidia tutawahimiza vijana kuzaa. Hoja hiyo ndiyo iliyotumika zamani kuwafukuza wasichana shuleni, na hapakuwa na mkoa uliopona kwa dawa hiyo. Hesabu za Tabora za mwaka 2015/16 zapatikana wakati fukuza-fukuza ile ilikuwa bado ikitumika. Tena yule anayemuuguza baba yake, naye tumehimiza nini?

Wako watakaosema mambo haya ni ya wanawake. Hasha. Mtoto ana wazazi wawili. Kama yuko mwanafunzi wa kiume aliyeacha mtoto Uyui mikononi mwa bibi mzee, akasoma kwa raha mpaka shahada, basi msaada ameupata, ila aliyeutoa hakulipwa wala hakuulizwa. Na wako wanaume wengi wenye haki wanaolea wadogo zao na kuuguza wazee wao, ambao huona haya kusema kwa kuwa jamii huiita kazi hiyo ya kike. Nao twawatetea.

Wako, mwisho, watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kuwa nchi tajiri zimetangulia. Katika England mwanafunzi wa kutwa mwenye watoto huweza kupata ruzuku ya kulipia malezi yao, na mwenye mtu mzima anayemtegemea huweza kupata ruzuku ya kumsaidia. Ujerumani fedha za mwanafunzi huongezwa akiwa analea mtoto wa chini ya miaka 14. Hatuwezi kuiga kila kitu. Lakini sehemu kubwa ya tunayoyataka hapa si fedha, ni mpango. Karatasi ya kanuni haina bei kubwa.

MAMBO YANAYOTAKIWA KUFANYWA

Kwanza, wanafunzi hawa wahesabiwe. Kila chuo kiongeze swali moja katika fomu ya kuandikishwa: je, yuko mtu anayekutegemea kwa malezi au uuguzi? Majibu yawe siri ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Kitu kisichohesabiwa hakipangiwi fedha.

Pili, kanuni zibadilishwe. Kuugua kwa mtoto au mzazi anayemtegemea mwanafunzi kuhesabiwe kuwa sababu ya haki ya kuahirisha mtihani, kama kuugua kwa mwanafunzi mwenyewe. Mama anayenyonyesha apewe nafasi ile ile anayopewa mfanyakazi, saa mbili kwa siku, na ratiba ya mafunzo kwa vitendo imruhusu kufanyia karibu na nyumbani. Anayeahirisha masomo kwa ajili hiyo arudi bila ya kuanza upya kusaka mkopo.

Tatu, majengo. Tangu mwaka 2021 unaendelea mradi mkubwa wa elimu ya juu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unaopeleka kampasi mpya katika mikoa. Jirani zetu wa Katavi, Kigoma na Shinyanga wamo katika mpango huo. Si majengo yote yamekwisha kutumika. Ni rahisi kutenga chumba cha kunyonyeshea na kituo cha watoto sasa kuliko kuvunja ukuta baadaye. Na vyuo vya Tabora, kama Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, ambacho huwafundisha walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, vina watu wenye ujuzi wa watoto wa kuweza kuonyesha mfano.

Nne, Bodi ya Mikopo ifikirie fungu la mtegemezi wa mwanafunzi. Hatuombi zawadi. Liwe mkopo, lilipwe kama mikopo mingine. Na ukomo wa umri ulegezwe kwa yule anayethibitisha kuwa alichelewa kwa sababu ya kulea au kuuguza.

Tano, vyama vya wafanyakazi vijadiliane na waajiri kuhusu likizo ya masomo inayojali familia, kwa kuwa wanafunzi wengi wa makamo ni wanachama wao.

Sita, na hili lahusu Isikizya na kila kijiji cha Uyui, matawi ya Chama yajue ni nani amekwenda chuoni na amemwacha nani. Hilo ndilo deni la upande wa pili tulilolitaja. Balozi wa nyumba kumi anajua nyumba iliyo na mgonjwa kabla ya ofisi yo yote ya Dodoma. Tena halmashauri zetu zina wajibu wa sheria, tangu mwaka 2018, wa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinachofungua kituo cha kulelea watoto mchana ni cha kustahili mkopo kama kikundi cha kufuga nyuki au kulima mpunga. Mtoto wa mwanafunzi, mtoto wa mkulima wa tumbaku na mtoto wa karani wa halmashauri watakaa mkeka mmoja.

Mambo haya sita hayangoji miujiza. Mengine yataka sahihi ya baraza la chuo, mengine yataka kikao cha tawi, mengine yataka mbunge mmoja asimame aulize Bungeni. Wahenga walituachia neno jingine, kwamba mkono mmoja haulei mwana. Wanafunzi walezi wametumia mkono mmoja kulea na mkono wa pili kuandika, na wengi wao wamefaulu hivyo hivyo. Wajibu wetu sisi tuliowatuma ni kuwapa mkono wa tatu. Katika kikao kijacho cha tawi lako, ndugu mwanachama, jambo hili na liandikwe katika ajenda.